Paja la Kuku Lililoshonwa Seven Hills

Dada Rehema mpendwa,

Nakusalimu kutoka mtaa wa Seven Hills, Sydney, ambako korona imenifungia kabla sijaenda kutibu watu Sudan Kusini. Huku baridi ni kama ya Lushoto. Jana nilifanya mtihani wa kushona majeraha; ningefeli, nisingeenda. Chuo kimefungwa, basi nilishona paja la kuku mezani, mwalimu akinitazama kwenye kompyuta. Mikono ilitetemeka hadi uzi ukakatika.

Mwenye nyumba wangu, Mama Furaha, Mkongomani aliyekimbia vita, akaja kuketi kando yangu. Akapandisha mkono wa gauni, akanionyesha kovu refu.

"Hii alinishona docta moja kijana, ndani ya hema. Naye alikuwa anatetemeka. Angalia, mkono inatumika bien, muzuri kabisa. Shona, mwana yangu."

Nikashona. Mwalimu aliposema nimefaulu, Mama Furaha alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Kisha akachomoa nyuzi zote, akampika kuku kwa pilipili nyingi, tukamla kwa fufu, ugali wa muhogo wa kwao, huku tukicheka.

Nibusie mama mkono. Mwambie ndege imepatikana, naondoka mwezi ujao, na woga umeniisha.

Mdogo wako,
Yusufu