Upande Wako wa Sinia

Baba yangu,

Chifu hapandi tena kwenye sinia. Nimeona habari hii uipate kwangu mwenyewe, maana ni wewe uliyemfundisha kupanda, na ni mimi niliyekuwa nikigombana nawe juu yake tangu siku ulipomtoa mfukoni mwa koti lako la bucha, mdogo kama kiazi. Ukampa jina la Chifu kwa sababu alikula kwa kila mtu na hakushiba kwa yeyote. Chifu mwenyewe wa serikali akipita njiani ulikuwa unashusha sauti ukimwita paka, na Mama anakufinya.

Nakuandikia nimekaa jikoni, juu ya kile kigoda kinachoyumba. Mama amelala kidogo, ni alasiri. Pale buchani sasa yuko mtu mwingine. Nyama yake ni nzuri, nisimsingizie, ila hajui kufunga. Anaviringisha gazeti tu kama anayefunga tumbaku, damu inamwagikia kikapuni. Wewe ulikuwa unakunja pembe nne zikakutana katikati, na mtu anatembea hadi kwake bila tone. Nilipofungua furushi lake la kwanza nililia, na sikumwambia mtu kwamba nililizwa na gazeti.

Mama bado anakaa eda. Zimebaki siku tisa, kisha nitamchukua twende naye kwangu Ruiru. Mume wangu amekwisha kumtengenezea chumba cha nyuma, hata dirisha ametoboa liangalie upande wa Gitothua, apate kuona watu wakipita. Nilikuja hapa siku moja baada ya kukuzika. Karatasi ya ruhusa ya kusafiri ilichelewa, na waliokuzika waliharakisha ili warudi kabla ya saa za kafyu. Uso wako sikuuona. Siwezi kuliandika hilo zaidi ya hapa.

Nilirudi kwangu baada ya matanga, na nilipokuja tena mwezi huu kumngoja amalize eda, nilichokikuta ni Mama anakwisha. Kanga aliyokuwa akijifunga inamtosha tu, sasa inamzunguka mara mbili na bado anaikaza. Nikadhani ni majonzi, nikasema yatapita. Halafu tukakaa kula, nikaona chakula kinakwenda wapi.

Wewe unamjua Chifu, lakini hukumwona baada yako. Mwiko ukigusa sufuria tu, analia kama anayeibiwa. Nikipakua, anapanda mgongoni. Nikikaa, anakwangua paja. Na Mama akichukua tonge, yule mwizi anaupiga mkono kwa chini, tonge linaanguka, linaliwa kabla halijafika mkekani. Mama anamega jingine, linakwenda njia hiyo hiyo. Akimaliza kumlisha paka ananawa mikono kana kwamba naye amekula.

Baba, nilimchukia. Nikuambie na sababu, maana unaijua. Mara ya mwisho nilipokuja kuwaona alitia mguu kwenye mchuzi mbele yangu, nikaondoa mkono nikasema mimi sili na mnyama. Ukacheka. Ukasema, "Mwache, mwanangu, naye ana njaa yake." Nikaenda kukaa mlangoni mpaka saa ya gari la moshi, na wewe ukaendelea kumpa tonge la kwanza kama ulivyompa kila siku, kabla hujatia lako kinywani. Hicho ndicho chakula cha mwisho tulichokaa pamoja, na sikukila. Kwa hiyo nilipomwona anamnyang'anya na Mama, niliona kama ananidai wazazi wote wawili.

Nilimchapa kwa kanga. Nilimwagia maji. Nilimfungia nje, akalia mlangoni mpaka Mama akainuka akamfungulia, na kuinuka kwenyewe sasa anashika ukuta. Akaniambia nisimpige, kwamba naye amefiwa. Nikajibu, Mungu anisamehe, kwamba mbona mfiwa huyu ananenepa.

Aliyenisaidia ni Mama Njeri, yule muuza maziwa uliyekuwa ukimwekea mifupa ya mbwa wake. Nilikwenda kwake na chupa asubuhi, akiwa anakamua, nikaona paka wake wanne wamekaa mbali na ndoo, kimya, wanangoja mkebe wao. Nikamuuliza ni dawa gani amewapa. Aliniangalia mikwaruzo ya mikononi kwanza.

"Hii paka yenu haina makosa," akasema. "Makosa ni ya mkono. Alilia, mkapea yeye. Sasa anajua kulia ndio kazi yake."

Akanieleza polepole, huku anakamua. Nimpe paka chakula chake kabla ya watu, saa ile ile, chombo chake, mahali pake, mbali na mkeka. Baada ya hapo asipewe kitu na mkono wowote, hata mfupa mkavu. Akipanda, nimshushe bila neno, nisimpige wala nisipige kelele, maana kwake hata ugomvi ni mazungumzo. Akaniambia pia kwamba atazidi kabla ya kupungua, atalia mpaka majirani waulize, na siku hiyo mbaya kabisa ndiyo siku ya kutompa. Nikimpa siku hiyo nimemfundisha kwamba alikuwa hajalia vya kutosha.

Nikamtengea mkebe karibu na mtungi wa maji. Mapupu ya ng'ombe nilimkatia madogo madogo kwa kisu chako. Mama nilimsihi, akakubali, akasema sawa. Siku ya kwanza Chifu alikula ya mkebe akaja na kudai yetu. Nikamshusha. Nadhani nilimshusha mara thelathini, ugali ukapoa. Siku ya tatu alilia hata Mama Njeri akaja kuchungulia, akatingisha kichwa kwa furaha, akasema hiyo ndiyo yenyewe, nivumilie. Nilivumilia. Unanijua sina subira, subira yote ilibaki kwako, lakini nilivumilia kwa hasira na nayo inafanya kazi.

Siku ya sita aliacha mgongo wangu. Aliacha na mkono wa Mama. Lakini sinia hakuliacha. Alikuwa anamaliza mkebe wake, anajilamba, anatembea taratibu akifuata ukuta, kisha anapanda mahali pamoja tu. Nikasema kuna mtu anampa. Nikawashuku wageni wanaokuja kumpa Mama pole, nikamshuku hata Mama Njeri mwenyewe, masikini. Halafu siku moja, kwa mara ya kwanza, niliacha kuangalia makucha yake nikaangalia alichokuwa anakula.

Alikuwa amekaa ulipokuwa ukikaa, kuuelekea mlango. Mbele yake palikuwa na vipande vitatu vya nyama na mfupa wenye uboho.

Mama alikuwa bado anakupakulia. Kila mlo, tangu siku ile, anagawa nyama juu ya sinia kama alivyogawa miaka yote: kwake, kwangu, kwako, na mfupa wenye uboho ni wako. Na mimi niliuona mfupa ule kila siku, Baba. Macho yangu yaliupita kwa sababu maisha yangu yote umekuwa pale. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu ale kilicho mbele yake, asivuke kwenda upande wa mwenzake, na mimi utotoni ulinipiga mkono kwa kijiko kwa kuvuka. Basi hakuna aliyevuka. Upande wako ulikaa na chakula chake, na paka akaja akala kilichokuwa mbele yake, kwa adabu zote ulizotufundisha.

Sikumkemea. Nilimwuliza Mama tu, polepole, kama anajua anachofanya.

Akasema, "Najua amekufa. Ila mkono wangu haujajua."

Akaniambia na lingine. Kwamba Chifu akikaa pale anakula, upande ule hauko mtupu, kunasikika kutafuna, na yeye huangalia chini asione ni nani anayetafuna. Hapo ndipo nilipotamani Mama Njeri asinifundishe lolote. Nilikuwa nimehangaika siku zote zile kumtoa paka kwenye sinia, kumbe nilikuwa namtoa Mama mahali alipojificha. Nilifikiri nimwache. Ya nini kumwondolea mjane hata hicho. Lakini akainuka kuondoa vyombo, na magoti yakamkataa, akakaa tena chini na sinia mkononi. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia, Mama, chako unampa Chifu, cha Baba unampa Chifu, wewe unaishi kwa nini?

Hiyo ilikuwa juzi. Jana adhuhuri nilimpa Chifu mkebe wake mapema. Mama akaleta sinia, na pande zote tatu zilikuwa zimejaa, mfupa uko pale pale. Chifu akaja kwa ukuta wake, akaweka miguu, nikamshusha. Akarudi, nikamshusha. Mama hakuninyooshea mkono kunizuia. Sijui ni mara ngapi. Mwishowe yule mnyama akaniangalia, akageuka, akaenda kulala kando ya mtungi, akatupa kisogo.

Basi pakawa kimya. Sijawahi kusikia nyumba yetu ikiwa kimya vile wakati wa kula. Mchuzi ukaanza kuganda mafuta upande wako. Nilijua inafaa mmoja wetu afanye kitu, nikawaza nisogee nikae pale mimi, na mwili wangu ukakataa. Nakuomba radhi. Sikuweza kukaa mahali pako.

Mama akashika sinia kwa mikono miwili. Akaligeuza, polepole, mchuzi usimwagike, mpaka upande wako ukaja mbele yake. Akasema bismillahi. Akachukua ule mfupa, akaugonga kwenye ukingo, akafyonza uboho. Akala kipande cha kwanza, akala cha pili. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa unakula. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto. Yeye alikula mpaka bati la sinia likaonekana.

Alipomaliza alikaa akiangalia vidole vyake. Kisha akasema, "Chumvi imezidi. Ni yeye aliyependa chumvi nyingi. Mimi sikuipenda hata siku moja." Akavuta pumzi. "Kesho nitapunguza."

Baba, hapo ndipo ulipokufa. Si kule makaburini ambako sikufika.

Leo amepika mwenyewe, na kweli amepunguza. Mimi nimeikosa ile chumvi, lakini nimekula nikanyamaza. Nyama amegawa mafungu mawili. Alisita kidogo na kijiko hewani alipofika kwako, nami nikajifanya natafuta kitu mtungini. Amekula fungu lake lote, na saa hii anakoroma chumba cha pili, usingizi wa mtu aliyeshiba.

Siku tisa zikiisha tutapanda gari la moshi, yeye na mimi, na huyu Chifu wako ndani ya kiondo kilichofungwa juu kwa kitambaa. Mume wangu ameuliza kama paka naye lazima aje. Nimemwambia huyu si paka, ni urithi.

Kwaheri, Baba. Mungu akulaze mahali pema na akusamehe kila ulichotudekezea. Ninaweza kukuahidi jambo moja tu. Kule Ruiru Mama atakula. Nitakaa naye bega kwa bega, upande mmoja wa sinia, na sitainuka mpaka nimeona amemaliza.

Mwanao,
Mariamu