Uzito wa Samaki wa Mti

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo
14 Septemba 2024

Dada yangu mpendwa Candida,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mbinga, wewe na shemeji, na kwamba kifua chake kimetulia tangu baridi ipungue. Mimi ni mzima kiasi. Naandika kwa sababu nikikupigia simu mama hukaa karibu akisubiri zamu yake ya kuongea, na haya siwezi kuyasema akisikia.

Kazi yangu unaijua. Bado nachonga samaki wa mti, wale wa kuelea juu ya maji ambao wavuvi wa mshipi huwavuta kumdanganya samaki kolekole. Nachonga kwa msufi, na msufi ni mwepesi mno: samaki akirushwa hafiki mbali, na akitua analala ubavu. Kwa hiyo natoboa tundu tumboni karibu na mkia, namimina risasi iliyoyeyuka, kisha namjaribu kwenye beseni. Mkia ukizama kidogo na kichwa kikabaki juu, yuko tayari. Risasi naipata kwa mafundi wa matairi, vile vipande vya kusawazishia magurudumu.

Mwezi wa nne mwenye karakana alitukataza moto kwa sababu ya maranda. Nikahamishia kazi ya kuyeyusha nyumbani, uani, kwenye jiko la mkaa la mama.

Mwezi wa saba mama akaanza kulalamika tumbo. Tukadhani ni vidonda, akapewa dawa, hakupata nafuu. Kisha mkono wa kulia ukalegea kifundoni, akawa anaangusha vikombe na kusema ni uzee tu. Asubuhi moja aliniita Marcelino, jina la marehemu baba, akaniuliza kama nimeshafunga mbuzi. Niliogopa dada.

Wiki mbili zilizopita Abdulatif, mteja wangu mkubwa, alikuja kuchukua mzigo wake. Nilipomtajia kwamba nayeyushia nyumbani, aliacha kukagua samaki, akauliza naishi na nani. Akasema risasi ni sumu, inaingia kwa moshi na kwa chakula, na kwamba rafiki yake fundi betri alikufa mikono yote miwili imening'inia. "Anselmi," akaniambia, "mpeleke mama hospitali leo, na useme ukweli."

Nilimpeleka. Daktari aliniuliza nafanya kazi gani, na kama kuna kitu kinachochomwa nyumbani. Nikajibu natengeneza samani, nyumbani hakuna kitu. Mama aliniangalia. Tukarudi na dawa zilezile za tumbo. Siku tatu nzima kila aliposhika kikombe nilitazama vidole vyake. Siku ya nne nikarudi peke yangu kwa daktari, nikasema ukweli.

Walitupima damu wote wawili. Yangu ina risasi. Ya mama ni zaidi ya mara tatu ya yangu. Ameanza dawa ya kuitoa, lakini kuhusu mkono daktari hakuniahidi chochote. Aliuliza kwa nini mama ameathirika zaidi, wakati ninayeyeyusha ni mimi. Nikamwambia sijui.

Dada, najua. Mwezi wa tano nilimkuta mama amesugua kwa mchanga kile kisufuria changu cha kuyeyushia, anapikia uji wa ulezi. Alisema kisufuria kizuri namna ile kisiachwe kupotea. Niliona, nikanyamaza, kwa kuwa ningesema angenikataza moto uani, na Abdulatif alikuwa ameagiza samaki arobaini. Sikujua ni sumu ya kiasi hiki, lakini moyo ulikataa, maana tangu siku ile mimi mwenyewe sikuunywa tena ule uji. Kila asubuhi nilisema nimeshiba.

Jana nilianza kumwambia. Nilipofika kwenye uji akanikatiza. "Niliona huunywi," akasema. "Nikajua mapishi yangu hayana ladha tena. Nilikuwa namalizia na wako, usimwagwe."

Sikuweza kuendelea. Hajui bado, na naogopa kumwambia kuliko nilivyoogopa majibu ya damu. Naomba uje dada, nimwambie ukiwepo. Baada ya hapo, kama hatataka kuniona, uondoke naye.

Nisalimie shemeji na majirani wote. Mama anakusalimu sana, anadhani nakuuliza habari za mavuno.

Mdogo wako,
Anselmi