Kidato cha Tisa

4 Februari

Mwanangu Futi,

Salamu nyingi. Huku sisi wazima, yaani mimi na magoti yangu, ambayo siku hizi hayasikii la mtu. Kwako hali ikoje? Kifua kimepona?

Kibao cha ofisi yenu kimeshapigiliwa mlangoni: "Jengo la Kihistoria". Wageni wanapigwa picha pale kila siku, na mtembezaji wao anaikariri ripoti yako kama kasuku. Kwanza bohari la ngozi, kisha ofisi ya telegramu, kisha nyumba ya fundi seremala, marehemu baba yako. Kuta za mawe, unene wa futi mbili. Mwisho anafika kwenye ngazi, ya miaka mia na kumi, haina mfano. Nikimsikia ni kama nakusikia wewe.

Sasa mama yako ana ombi. Ngazi hiyo isiyo na mfano imenishinda. Tangu niliporudishwa kutoka hospitali, nikiwa nimebebwa juu ya kiti na wanaume wanne kama kabati linalohama, sijakanyaga chini. Hii ni wiki ya saba. Fundi wa mtaani anasema ataweka mbao ya kushikilia na kupunguza kimo cha vidato, kazi ya siku nne. Lakini kibao kimekataza hata msumari. Niombee ruhusa, wewe ndiye mwenye ofisi.

Akupendaye,
Mama yako

19 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona, usihangaike. Magoti unayakanda?

Ombi nimelifikisha kwenye kamati, ila sikufichi, ni gumu. Kuta za mawe ziko tele mjini. Nyumba yetu iliingia kwenye orodha kwa sababu ya ngazi. Bila hiyo, wale waliotaka kujenga maegesho ya magari wangeshaibomoa, na Baba angefia chumba cha kupanga. Kuigusa kunataka sahihi saba.

Kwa sasa njoo ukae kwangu. Nitakufuata.

Mwanao,
Futi

11 Machi

Futi,

Marahaba, mwanangu. Magoti nayakanda, nayo yananikanda.

Nije kwako, ghorofa ya nne? Nitoke jela moja niingie nyingine, tena isiyo na dirisha la barabarani! Hapa angalau nina kikapu changu. Nakishusha kwa kamba, muuza mboga anatia nyanya na habari za mtaa, navuta. Jana mgeni mmoja alipanda mpaka mlangoni kwangu akachungulia, akamuuliza mtembezaji kama na mimi ni wa asili. Nikamjibu mwenyewe: wa asili kabisa, ila sijakarabatiwa.

Nacheka, lakini nimechoka. Juzi nilijaribu kushuka. Nilifika kidato cha tatu, mguu ukaninginia hewani, nikakaa pale tangu saa nne mpaka adhuhuri, naogopa kushuka, naogopa kupanda. Paka wa jirani akanipita mbio akielekea chini. Nilimwonea wivu paka, mwanangu. Kamati wamesemaje?

Mama yako

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Natumaini hujaanguka.

Kamati wamekataa. Wameandika, "Ngazi ya asili isiguswe," na wamenukuu maneno yangu mwenyewe, ukurasa wa kumi na mbili. Wiki hiyohiyo wamenipandisha cheo, kwa ripoti hiyohiyo. Sikujua nikwambie nini, ndiyo maana sikuandika. Vumilia kidogo.

Mwanao,
Futi

8 Juni

Futi,

Marahaba. Sijaanguka. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mimi zimeshaniozea mkononi. Kwa hiyo kaa chini nikwambie jambo.

Ngazi ile si ya miaka mia. Baba yako ndiye aliyeijenga. Ya zamani ililiwa na mchwa nikiwa na mimba yako. Yeye alitaka kuweka mpya, pana, ya kupanda taratibu. Mimi, kwa kiburi cha ujana, nikamng'ang'ania: nirudishie ngazi yangu vilevile. Leo magoti yananiuliza. Alitumia mbao za kaunta ya ile ofisi ya telegramu, ndiyo maana zinaonekana kongwe. Chini ya kidato cha tisa aliandika kitu kwa penseli. Sijui nini, hakuniambia.

Ulipokuja kupima nyumba, ilikuwa miaka sita hamjaongea zaidi ya salamu, tangu umwite fundi wa kubahatisha mbele ya wateja wake. Yeye kitandani, wewe ngazini, ukasema kwa sauti, "Aliyejenga hapa alikuwa na mkono wa dhahabu." Nikafungua mdomo. Akanishika nguo. "Nyamaza," akasema. "Mwache anisifu." Akaniapisha, na leo kiapo nimekivunja.

Sahihisha ripoti yako, mwanangu. Nataka kushuka.

Mama yako

2 Septemba

Mama,

Shikamoo. Karibu miezi mitatu naianza barua hii na kuichana. Sijui hata kama unapata usingizi.

Sikukosea, Mama. Nilijua. Siku ile ya kupima niliingia chini ya ngazi na tochi, nikaona mwandiko wake: "Nimemaliza ngazi leo. Leo pia nimepata binti. Vyote viwili vimenyooka." Nilikaa kwenye vumbi nikalia. Yale maneno ya mkono wa dhahabu niliyasema makusudi, mlango wa chumba chake ukiwa wazi. Kumwomba radhi uso kwa uso kulinishinda. Kisha nikaandika miaka mia na kumi, nikijua ni uongo, ili afie kwake. Yeye nikampa nyumba, wewe nikakufungia humo.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, ina anwani ya kamati na stempu. Nimekiri yote na kutia sahihi. Kuipeleka mwenyewe nimeshindwa. Kila nikifika mlangoni pa mkurugenzi narudi. Ikiwafikia nitafukuzwa kazi, na nyumba huenda ikatolewa kwenye orodha, wale wa maegesho wakarudi. Posta iko ng'ambo ya dirisha lako. Ukitaka itume, ukitaka ichane. Sitakulaumu.

Mwanao,
Futi

10 Septemba

Futi wangu,

Marahaba, na pole. Usingizi napata, siku moja moja.

Bahasha yako niliitia kikapuni jana asubuhi. Nikaishusha mpaka nusu, nikaipandisha. Nikaishusha tena, nikaipandisha. Muuza mboga akapiga kelele kutoka chini: "Mama, leo unavua samaki?" Nilikuwa nawaza kazi yako. Pia nilikuwa namuwaza mzee. Siku ile ulipoondoka aliniuliza, "Ameingia chini ya ngazi?" Nikamwambia ndiyo, katoka na vumbi usoni. Akageukia ukutani akacheka peke yake, nami nikadhani ni homa. Ombi lako la radhi alilipokea, mwanangu. Mjinga alikuwa mimi niliyekuwa katikati.

Mtu hujenga ngazi ili watu wapande na washuke. Nimeiachia kamba. Muuza mboga ameipeleka posta huku namwangalia.

Fundi nimeshamwambia, ruhusa ikitoka, kidato cha tisa akitoe kizima akiweke pembeni. Hicho ni chako. Wakikufukuza, njoo nyumbani, fundi atahitaji mtu wa kumshikia futi. Na wale wa maegesho wakirudi, waambie wasijisumbue kupanda. Watanikuta chini mlangoni, nimekaa.

Mama yako