Feni Ijiwashe Yenyewe

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeandika barua tatu kabla ya adhuhuri, mbili za wateja. Ya kwanza, mchimbaji anaomba radhi kwa wenzake wa duara, shimo lao la dhahabu, kwa kuondoka kazini bila taarifa. Ya pili, mjane anaomba mwanawe ahamishwe shule. Ya tatu ni yangu mwenyewe, kwenda kwa Masanja, fundi umeme wa magari hapa Kharumwa.

YAH: OMBI LA KUFUNGIWA KIDHIBITI JOTO KATIKA FENI YA REJETA.

Aya nne. Nimeeleza kwamba feni ya gari langu huwashwa kwa swichi ya mkono iliyo chini ya usukani. Kwamba fundi wa awali aliifunga hivyo, kama wafanyavyo wengi huku kwetu mfumo wa asili unapokufa. Kwamba dereva hulazimika kuutazama mshale wa joto na kuiwasha feni kwa wakati. Nimeomba feni ijiwashe yenyewe maji yapatapo moto, na ijizime yapoapo.

Sababu sikuiandika. Mke wangu, Mama Tabitha, atajifungua mwezi huu. Kwa kuwa Tabitha alizaliwa kwa upasuaji, ameagizwa ajifungulie hospitali kubwa, mwendo wa saa mbili. Februari ya mwaka jana nilimpeleka huko kwa gari hilihili. Lilichemka njiani. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, juani. Hakupumua. Wa kiume.

Nimeandika hayo bila kufuta neno. Sisikii chochote.

Jumatano, 3 Septemba

Masanja ameisoma barua yangu kwa sauti mbele ya gereji nzima. Wamecheka mpaka mmoja akakalia tairi.

"Mwandishi, feni haijui kusoma! Ungekuja tu ukasema."

Nimemjibu kwamba ombi lisiloandikwa ni porojo. Wakacheka tena. Hata hivyo aliikunja vizuri, akaitia mfukoni mwa shati.

Akafungua boneti. Akabonyeza swichi ya mkono. Feni ikazunguka bila kusita. Akanitazama. Nikasema kwamba wakati mwingine hugoma. Hakuuliza zaidi. Ataagiza swichi ya joto kutoka Kahama.

Jumamosi, 6 Septemba

Swichi imefika kwa basi la asubuhi. Masanja haamini kipuri kwa kukitazama. Aliazima sufuria kwa mama ntilie jirani, akainjika maji kwenye jiko la mkaa, akaitumbukiza swichi kichwa chini ikining'inia kwenye waya, akaiunganisha na betri na balbu ndogo. Maji yakipata moto wa kutosha, balbu sharti iwake.

"Masanja, supu yako ya chuma ikiiva niite!" alisema mama ntilie. "Nina ndimu."

Maji yalichemka. Balbu haikuwaka. Yaliendelea kuchemka. Tulisimama watu watano tukitazama balbu iliyozimika.

Masanja alisema swichi hiyo inasubiri joto kubwa mno. Ingefungwa, ingekuja kuamka rejeta imeshatapika. Inarudishwa Kahama.

Nilikaa kwenye benchi la gereji kwa muda usiojulikana.

Jumatatu, 8 Septemba

Kliniki. Muuguzi amesema mtoto amelala vizuri tumboni, ila uchungu ukianza tusichelewe hata kidogo. Mama Tabitha ameniuliza mara moja tu: gari? Nimesema linashughulikiwa. Tangu mwaka jana haketi kiti cha mbele.

Naandika sasa ukweli kwa ukamilifu wake, kwa kuwa hapana asomaye daftari hili.

Feni haikuharibika siku ile. Nilisahau kuiwasha. Nilikuwa nikipanga kichwani sentensi za kumwambia muuguzi wa mapokezi. Nilitaka zinyooke. Nilikuwa nimefika "hivyo basi, tunaomba" nilipoona mvuke. Nikaenda kutafuta maji ya rejeta kwenye nyumba za mbali. Niliporudi na dumu, wanawake waliokuwa wakitoka shambani walikuwa wamekwisha kumfunika mtoto kwa khanga. Sikuomba kumwona.

Niliwaambia watu wote kwamba feni ilikufa. Nilisema hivyo kwa Kiswahili kizuri.

Ijumaa, 12 Septemba

Swichi ya pili. Sufuria ileile. Balbu iliwaka kabla maji hayajachemka. Masanja akaitoa swichi, balbu ikazima. Akairudisha, ikawaka. Mara tatu. Nilitamani arudie mara ya nne, akarudia bila kuombwa.

Ameikaza kwenye rejeta, akapitisha umeme wa feni kwenye rilei, kisanduku kidogo cha kubeba umeme mwingi, ili swichi isiungue. Nikamtaka aing'oe kabisa ile ya mkono. Sitaki kuiona.

"Hapana, Mwandishi. Mkono ni akiba. Hii nayo ni chuma, siku moja itakufa."

Nikaiacha ibaki.

Tuliacha injini ikiunguruma, boneti wazi. Mshale ukapanda. Hakuna aliyegusa kitu. Feni ikaanza kuzunguka.

"Imejibu barua!" akapiga kelele mmoja. Wakapiga makofi. Mama ntilie alipiga vigelegele.

Mimi nilitazama tu. Niliona kitu kilichofanya kazi yake bila kuwaza jambo jingine.

Wengine walipotawanyika, Masanja alifuta mikono kwa muda mrefu. Akasema: "Gari hili lilipovutwa kuletwa hapa mwaka jana, mimi ndiye niliyelipokea. Niliijaribu feni. Ilizunguka." Akafunga boneti. "Sikumwambia mtu. Ila mimi siye wa kuambiwa, Mwandishi. Yupo wa kuambiwa."

Nikamshukuru kwa kazi. Nikaondoka.

Jumanne, 16 Septemba

Nimemwandikia Mama Tabitha barua ya kukiri. Rasimu tatu. Ya kwanza ilianza "Kwa heshima na taadhima". Ya pili ilikuwa na vifungu (a) hadi (d). Ya tatu haina kosa hata moja, na nimeichukia. Nimezitia zote jikoni, kwenye moto wa maharage.

Watu hutembea toka mgodi wa Bulyanhulu kuja kuniomba maneno.

Jumapili, 21 Septemba

Uchungu ulianza saa moja asubuhi. Saa moja na nusu tulikuwa barabarani. Mama Tabitha nyuma, na dada yake Kabula akimshika mgongo.

Sikupanga sentensi yoyote. Nilitazama barabara na mshale, barabara na mshale. Palepale kwenye kilima ambapo mwaka jana niliona mvuke, mshale ulianza kupanda. Mkono wangu wa kulia ulikwenda wenyewe chini ya usukani. Kabla haujafika, feni iliwaka. Niliisikia. Nyuma nao waliisikia.

Nikasema, bila kugeuka: "Mama Tabitha. Mwaka jana feni haikufa. Nilisahau kuiwasha."

Kabula alishusha pumzi.

Mke wangu alikuwa katikati ya uchungu. Alingoja upite. Kisha akasema: "Najua. Nilikuwa naangalia mkono wako. Endesha."

Nikaendesha. Feni ilizima, ikawaka, ikazima. Hivyo hivyo mpaka geti la hospitali.

Jumatatu, 22 Septemba

Wa kike. Analia. Mama yake yu salama.

Nilitarajia furaha. Nimesikia njaa. Nimekula ndizi nne, nimelala kwenye benchi la nje nikiwa nimekaa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Tupo nyumbani. Hakuna mteja leo.

Baada ya chai Mama Tabitha alimkabidhi Tabitha mtoto, akaniambia: "Njoo." Tukazunguka nyuma ya jiko. Mtoto asiyepumua huzikwa na wanawake, baba haitwi. Sikuwahi kuuliza ni wapi.

Alinionyesha kwa mguu. Ardhi iko sawa na nyingine. Kuku walikuwa wakipekua hapo, akawafukuza.

Tulisimama. Akasema yule wa kiume alikuwa na nywele nyingi, nyeusi sana, na masikio yangu.

Nikachuchumaa, nikaweka kiganja chini. Udongo ulikuwa wa moto.