Kabla Mama yake Kasiano Hajafika

Sumbawanga, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na unatembea bila ile fimbo unayoichukia. Mimi mzima, ila baridi ya huku Ufipa inanipata hadi kwenye meno. Mwambie Shangazi, aliyenitisha sana na uchawi wa Sumbawanga, kwamba mpaka leo hakuna aliyeniroga. Anayenitesa ni upepo tu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Ungesema mtandao mbovu, tutaongea kesho, na kesho isingefika. Barua hii naituma kwa basi kesho asubuhi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Nimewapata watu wa Kasiano, yule askari wa vita vya Kagera uliyemzika kwenye kibanja chetu cha migomba, ambaye kila Krismasi unapaka chokaa mawe ya kaburi lake. Nilipopangiwa kazi ya uuguzi huku ulinikumbusha kwamba barua mliyoikuta mfukoni mwake ilitoka Msanzi, huku huku Ufipa. Basi kila mgonjwa wa Msanzi aliyepita mikononi mwangu nilimuuliza, mpaka mwezi uliopita katekista mmoja akasema, "Kasiano? Huyo mbona mama yake yupo!"

Nilikwenda naye. Bibi Melania hana meno, lakini anasikia kuliko wewe. Tulimkuta anapepeta ulezi. Nilipomwambia kaburi la mwanawe liko nyumbani kwetu hakulia. Aliweka ungo chini, akachukua fagio, akaanza kufagia ua uliokwisha kufagiwa.

Jeshi liliwaambia kwamba amekufa, halikuwaambia alikolala. Mumewe alitaka matanga yaanuliwe kama ya watu wengine, yeye akakataa. "Niliwaambia nionyesheni kwanza mwanangu yuko wapi," alisema. Mume naye akafa, matanga yake yakaanuliwa, ya Kasiano bado. Mpaka leo binti na wajukuu wa nyumba ile wanaolewa uani kwa jirani, maana kwake Bibi ngoma hailii.

Kisha akaniuliza, "Nani alimfumba macho?"

Nikasema, "Baba yangu."

"Alimkuta yu hai?"

Nikasema ndiyo, na kwamba ulimshika mkono mpaka akakata roho. Uongo ulinitoka kama chafya, Baba. Bibi wa watu alikuwa amenikazia macho, nami nikampa nilichoona anakitaka.

Sasa wanakuja. Bibi mwenyewe, bintiye mkubwa, na mimi niliyeomba likizo ili niwasindikize, maana presha yake inapanda na kushuka na siwezi kumwacha akae siku mbili kwenye basi bila nesi. Tunaondoka Alhamisi. Amefunga kimea cha ulezi apikie pombe ya kuanua matanga hapo hapo kaburini. Na amekununulia blanketi. Anasema aliyemshika mwanawe mkono naye ni mwanawe, na atakufunika kwa mikono yake mbele ya watu.

Baba, mimi najua. Mama alinieleza alipokuwa anaumwa, na aliniapisha nisikuulize. Ulikuwa na miaka kumi na sita, umejificha na mama yako kwenye migomba. Mliona askari anajikokota, hamkujua ni wa upande gani, na wale wa adui walikuwa wamechoma nyumba ya jirani juzi yake. Aliomba maji tangu mchana. Maji mlikuwa nayo. Mlinyamaza mpaka jioni, naye akanyamaza, ndipo mlipotoka mkakuta ile barua.

Sikuhukumu. Ningekuwa mimi ningenyamaza vilevile. Asubuhi naamini hivyo kabisa. Ikifika jioni sina hakika. Lakini kaburi umelitunza maisha yako yote, na hilo si uongo.

Naogopa, Baba. Naogopa umwambie ukweli aanguke pale pale mikononi mwangu, mbali na kwao. Naogopa vilevile usimwambie, akufunike lile blanketi, nawe ukae nalo mabegani mbele yangu. Nimejaribu kupima kipi kibaya zaidi na nimeshindwa. Kazini nimekosea kuandika jina la mgonjwa mara mbili wiki hii.

Nisalimie Shangazi, na kaka yangu mkubwa, mwambie apalilie njia ya kwenda kaburini. Wifi atandike kitanda cha chumba cha mbele. Mjomba fundi anisalimie watoto wake wote, nikianza kuwataja karatasi haitatosha.

Nilitaka niishie hapo, lakini jana Bibi aliletwa nimpime kabla ya safari. Nilikuwa namfunga kile kitambaa cha presha mkononi, akasema taratibu, "Nesi, mtu akifa huomba kitu. Mwanangu aliomba nini?"

Nilijifanya nasoma kipimo. Nikamjibu, "Bibi, mimi sikuwepo. Baba ndiye aliyekuwepo."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. "Basi nitamuuliza yeye."

Tutafika Jumamosi, Mungu akipenda. Mimi sitafungua mdomo.

Binti yako anayekupenda hata sasa,
Koku