Shimo Namba Saba

Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi mahakamani Homa Bay. Kesi ya nyavu haramu, imeahirishwa tena. Mchana Migori. Mhariri anataka habari fupi kuhusu wanafunzi na Malengo ya Maendeleo Endelevu: bango, tabasamu, picha moja. Nimeandika nyingi za aina hiyo.

Wasichana hawa si wa mabango. Wamechagua lengo la nane, kazi yenye staha, wakaenda kwenye machimbo ya dhahabu nyuma ya shule yao na kuchora ramani ya kila shimo. Namba nyekundu: bado lina wachimbaji. Namba ya buluu: tupu, lifukiwe kabla mtoto au ng'ombe hajatumbukia. Ijumaa wanawasilisha Homa Bay, kwenye mashindano ya shule. Mmoja wa majaji ni afisa wa kaunti. Ameahidi kutuma trekta wiki inayofuata, lifukie kila shimo lenye rangi ya buluu. Ramani ya wanafunzi yenye trekta nyuma yake. Si kawaida.

Boke, msemaji wao, alisoma vyanzo. Shimo namba saba, buluu. Chanzo: gazeti letu, jina langu. Liliporomoka miaka tisa iliyopita, watu watano ndani. "Miili yote mitano ilitolewa na kuzikwa." Darasa likanipigia makofi. Msichana mmoja wa nyuma hakupiga. Anaitwa Anyango. Alinitazama mpaka nikafunga daftari.

Jumanne, 10 Juni

Machimboni pamoja nao na Mwalimu Okeyo, mlezi wa klabu. Shimo la saba limemezwa na magugu. Mdomo wake mdogo kuliko nilivyokumbuka. Boke aliangusha jiwe, wenzake wakahesabu sekunde ili wakadirie kina. Akainama kuokota la pili.

"Wacha kumtupia mawe," Anyango alisema.

"Kumtupia nani?"

"Baba."

Boke alidhani ni mzaha. "Si babako alizikwa nyumbani? Kaburi nimeliona, msee. Hadi lina msalaba."

"Hiyo ni yago."

Boke ni Mkuria, hakuelewa. Mimi ni Mtaita, sikuelewa pia. Anyango alitueleza polepole, kama anayefundisha watoto. Yago ni tunda la mti, refu na zito, kama mkono wa mtu mzima. Mwili ukikosekana, Wajaluo huzika yago mahali pake, kwa maombolezo yote, marehemu asibaki akitangatanga. Waliotolewa shimoni walikuwa wanne. Ndani ya jeneza la baba yake mlikuwa na tunda.

"Wueh," Boke alisema. "Kwetu hatuziki matunda." Lakini jiwe aliliweka chini kwa mikono miwili.

Mwalimu Okeyo anaijua yago. Kaburi lile ndilo hakulijua, amehamia juzi kutoka Oyugis. Alikuna kichwa. "Anyango, sikukatai. Lakini majaji watataka maandishi. Maandishi ni haya. Tutabishana na gazeti?"

Wote wakanigeukia. Nikasema nitaangalia rekodi zangu. Jibu la mwoga.

Jumatano, 11 Juni

Daftari la mwaka ule nimelipata. Mazishi matano, maboma matano. Ukurasa wa mwisho, mwandiko wangu: "Jeneza la tano. Wabebaji wawili tu. Jepesi."

Niliona. Niliandika. Sikuuliza.

Nilikuwa na miezi minne tu huku. Nilihesabu majeneza, nikayaita miili. Sikumpigia simu mtu yeyote kuhakikisha. Leo ningemfukuza mwanagenzi kwa kosa hilo.

Neno lenyewe haliniachi. Dukani mtu alisema mfuko wake wa sukari ni mwepesi, nikageuka kana kwamba nimeitwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nilimpigia mhariri. Anasema marekebisho ya habari ya miaka tisa yatatufanya tuchekwe. Nani anakumbuka? Nikamwambia mtu mmoja anatosha. Akasema atafikiria.

Mwalimu Okeyo akapiga. Anyango hatawasilisha kesho. Anaogopa atalia jukwaani na shule ikose alama. Boke atasoma peke yake, na namba saba inabaki buluu. Nikauliza kwa nini. "Kwa sababu hujanitumia kitu, madam."

Mchana nikaenda kwa mama yake Anyango. Alikuwa akipukuchua mahindi. Alinitambua kabla sijasema jina.

"Wewe ni yule wa gazeti. Ulikula kwetu siku ile."

Kweli, nilikula. Samaki na ugali, mita chache kutoka kaburini.

Alinieleza bila kupandisha sauti. Mvua iliwafukuza waokoaji kabla hawajamfikia mumewe. Waliahidi kurudi. Shemeji yake alienda ofisini kuwakumbusha, akaonyeshwa gazeti: huyu ametolewa, mnataka tumtoe mara mbili? Hawakurudi. Miaka tisa nimekuwa nikiamini kwamba habari ile haikumdhuru mtu.

Nilimwomba msamaha. Hakuupokea, hakuukataa. Aliendelea na mahindi. Kisha: "Mimi najua hawezi kutoka. Udongo ule ni mbaya. Wasimwage tu takataka juu yake kama choo cha zamani."

Naona haya. Sina neno lingine.

Ijumaa, 13 Juni

Ukumbini Homa Bay. Nina kanuni moja tangu nianze kazi: mwandishi hasimami ndani ya habari.

Anyango alikaa mstari wa tatu, sare imepigwa pasi vizuri. Boke aliwasilisha bila kutazama karatasi. Alipofika namba saba alisimamisha kidole juu ya ramani. Afisa wa kaunti akauliza kama wana uhakika ni tupu.

"Mimi sina," Boke alisema. "Chanzo chetu ni yule pale. Muulize."

Nilisimama. Nikasema nilihesabu majeneza wala si miili. Nikasema mtu wa tano bado yuko chini. Afisa akataka maandishi. Nikampelekea daftari. Alisoma ukurasa ule, akasoma tena, akauliza jepesi maana yake nini. Anyango alijibu kutoka alipokaa, kwa sauti ya kawaida. Alitaja yago. Akataja jina la baba yake, majina yote matatu. Nusu ya ukumbi ni Wajaluo. Kofia zikavuliwa, kama matangani.

Afisa alikata namba saba kwenye orodha, akaweka sahihi pembeni.

Walikuwa wa nne. Alama zilipunguzwa kwa ramani yenye makosa. Nje Boke alimsukuma Anyango begani. "Babako ametunyima kombe." Anyango akacheka, mara ya kwanza mbele yangu, kisha akalia. Boke akamshikia begi.

Mwalimu Okeyo alinipa mkono.

Alhamisi, 19 Juni

Marekebisho yametoka. Ukurasa wa kumi na nne, mistari mitatu, chini ya tangazo la mbolea. Jina la marehemu limeandikwa sawasawa. Nililisoma herufi kwa herufi kabla ya kulituma.

Ile habari fupi ya wanafunzi sikuiandika. Nimempa mwenzangu.

Jumapili, 22 Juni

Machimboni. Mashimo ya buluu yamefukiwa, alama za matairi bado mbichi. La saba limezungushiwa nguzo na waya. Afisa ameniambia hakuna mashine atakayothubutu kuipeleka kwenye udongo ule, si mwaka huu, pengine kamwe. Nimemwandikia kwamba nitauliza tena.

Mama yake Anyango alikuwa pale, amekaa kando ya waya. Alikuwa akiongea kwa Dholuo, taratibu, hata mimi niliweza kufuata. Kwanza alimsalimu mumewe, akangoja kidogo. Halafu mvua. Halafu mbuzi aliyezaa mapacha. Halafu mtihani wa Anyango.

Sikuchukua maandishi. Nilisimama mbali mpaka akamaliza, tukashuka pamoja hadi barabarani. Njiani aliniuliza kama mama yangu bado yuko hai.