Nyawira na Kazi ya Stoo

Satellite, Machi 2004

Ephantus,

Kuku wanataga, mguu wangu umepona. Salamu zimeisha.

Nyawira, binti ya marehemu ndugu yako, ameniambia ulivyomjibu ofisini kwako: eti kuhesabu mali ya serikali kwenye stoo si kazi ya msichana, kuna vumbi na magunia mazito. Tangazo lilitaka mtu wa kidato cha nne anayejua hesabu. Yeye amemaliza kidato hicho na hesabu amepita. Shemeji yako uliyempa hiyo kazi aliacha shule darasa la sita!

Mtoto huyo ana jina langu. Tangu azaliwe unamwita mama, kama ilivyo desturi yetu kwa mtoto aliyepewa jina la nyanya yake. Basi umemfukuza mama yako.

Jumatatu anarudi, na mimi nitakuwa naye. Tufukuze wawili, watu wa ofisi wakiona.

Aliyekuzaa,
Nyawira